Ombi la Mkaguzi Kuhamia Chumbani Kwangu

Ndugu Mkurugenzi wa Ukaguzi wa Huduma za Wagonjwa Majumbani,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na umekaa wima, jambo ambalo mimi hulifanya kwa msaada. Mimi ni mwanamke mstaafu. Nilikuwa karani wa mahakama na nimepiga chapa hukumu za watu mpaka vidole vikaota sugu, kwa hiyo uniwie radhi nikipanga malalamiko yangu kwa namba. Kiharusi kilinichukua upande wa kushoto. Wa kulia kiliniachia, labda makusudi, ili niweze kukuandikia.

Naishi na mdogo wangu wa kiume, mchomeleaji vyuma. Hutoka asubuhi kwenda karakana na kurudi jua likizama. Hapo katikati huniacha mikononi mwa kampuni ya kutunza wagonjwa, ile ile ambayo ofisi yako imeipa cheti cha ubora na usalama. Nawapongeza kwa moyo wote, upande unaofanya kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mhudumu. Mimi namwita Dakika Tano, kwa kuwa ndilo jibu lake kila nikimpigia simu kumuuliza yuko wapi. Akifika hunisalimia kwa nyusi, maana mdomo huwa unazungumza na simu. Chai huniwekea kushoto kwangu, upande usio na mkono. Nilimweleza. Akanijibu kwamba meza ndipo ilipo. Nikamwomba basi aisogeze, naye akanifahamisha kwamba kusogeza samani hakumo kwenye mkataba. Tangu hapo chai naiangalia tu inavyopoa, kama mtu anayetazama mazishi ya jirani.

2. Kuanguka. Siku moja uvumilivu ulinishinda nikaifuata ile chai. Kitanda changu hakina vyuma vya pembeni, nami nikashuka chini kama gunia linaloteremshwa na mpagazi mwenye hasira. Dakika Tano alikuwa ameshaondoka kabla ya saa zake. Nililala sakafuni mpaka mdogo wangu aliporudi. Alininyanyua, akaniweka kitandani, kisha akaenda kusimama uani kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi wa kuchomelea. Sikumbishia.

Mdogo wangu alipompigia simu meneja wa kampuni, huyo mama alimjibu kwa sauti ya asali kwamba tukio hilo mhudumu hakuliripoti, na tukio lisiloripotiwa, kwa taratibu zao, halikutokea. Niliwahi kuwasikia watu wenye hoja za namna hiyo. Tofauti ni kwamba wale walikuwa wamesimama kizimbani.

3. Siku ya ukaguzi. Ofisi yako, kwa ustaarabu wake, iliiarifu kampuni mapema kwamba mkaguzi anakuja. Asubuhi hiyo lilisimama nje gari la mizigo. Likashusha kitanda cha hospitali chenye vyuma pembeni, godoro nene, mashuka yanayonukia duka, kizima moto, na kengele ya kuitia msaada. Dakika Tano alifika kabla mdogo wangu hajafunga viatu. Akaniogesha kwa maji ya moto. Akanikata kucha. Akanipaka mafuta mgongoni, pale palipoanza kuchubuka kwa kulalia upande mmoja, tena kwa mkono mwepesi kiasi kwamba nilisinzia. Na meza, Ndugu Mkurugenzi, ilisogea! Kumbe haikujengewa sakafuni.

Ilikuwa ni funika kombe mwanaharamu apite. Na mwanaharamu mwenyewe, nisamehe, ni mjumbe wako.

4. Mkaguzi. Ni kijana nadhifu mwenye sauti ya upole. Alikitazama kitanda, akaandika. Akakitazama kizima moto, akaandika. Akaitazama kengele, akaandika, hakuibonyeza. Mimi niliibonyeza alipogeuka. Haina betri. Akaisifu sakafu kuwa ni safi, na hapo alisema kweli, kwa kuwa nilikuwa nimeipangusa kwa gauni langu siku ile niliyoanguka. Kisha akauliza maswali yote. Kama nakula vizuri, alimuuliza meneja. Kama nageuzwa kitandani, alimuuliza Dakika Tano. Kama nimeridhika, alimuuliza mdogo wangu, ambaye alikuwa ameshapewa vitisho vya kutosha na meneja kwamba akilalamika tutakosa mhudumu kabisa. Mdogo wangu alitazama viatu vyake akasema tunashukuru. Mimi nilikuwepo chumbani muda wote huo. Nilikuwa ndani ya yale mashuka, kama unahitaji kielelezo.

5. Kurudishwa kwa vitu. Mkaguzi alipokata kona tu, gari lile likapiga honi. Vijana wawili wakaniinua, wakavuta shuka chini yangu kama mtu anayevuta kitambaa cha meza, wakanirudisha kwenye kitanda changu cha siku zote. Kengele walitaka kuiacha, kwa kuwa ni mbovu. Meneja akasema hapana, kuna mgonjwa mwingine anakaguliwa mchana.

6. Picha. Walinipiga picha nikiwa safi, na sasa imebandikwa ofisini kwao chini ya maneno "Tabasamu la Mteja Aliyeridhika". Uso wangu ulipindwa na kiharusi. Hata nikifiwa, hilo tabasamu litakuwepo.

Sasa nije kwenye ombi. Nimelipima jambo hili kisheria na nimefikia uamuzi usiokatiwa rufaa: huduma ya kampuni hii ni bora na salama kabisa, ila hupatikana mahali alipo mkaguzi tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani ni maneno ya adabu. Kumbe ni maelekezo ya daktari.

Kwa hiyo naomba mkaguzi wako ahamie chumbani kwangu. Hatakuwa na kazi yoyote. Akae kwenye kiti, aandike. Akichoka kuandika, ajifanye anaandika.

Kama hilo ni gumu kwa sababu ana mke na watoto, naomba uniletee koti lake na faili lake. Mdogo wangu atavitundika dirishani upande wa barabara, Dakika Tano avione akiwa mbali na aongeze mwendo.

Na kama hata koti haliwezekani, basi nihamishie mimi ofisini kwako, unilaze kabatini pamoja na mafaili. Nimeishi na mafaili na najua yanavyotunzwa. Yanafutwa vumbi. Yanawekwa pakavu. Likianguka moja, kuna mtu anaulizwa. Tena yanageuzwa ukurasa baada ya ukurasa, wakati mgongo wangu unasubiri kugeuzwa mara moja.

Nitashukuru ombi langu likipewa uzito, hata kama ni nusu ya ule uliopewa kizima moto. Nisalimie makarani wote wa hapo, dereva, mlinzi wa getini, na anayewapikia chai. Mwambie huyo wa mwisho kwamba mahali anapokiweka kikombe ni jambo kubwa kuliko anavyodhani.

Wako mtiifu, kwa kuwa siwezi kwenda popote,

Karani Mstaafu

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, ikimsubiri mdogo wangu aipeleke posta, mkaguzi wako aliporudi peke yake. Alikuwa amesahau mwavuli wake nyuma ya mlango. Dakika Tano alikuwa bado yuko njiani. Kijana alinikuta nimeteleza kwenye mto, kidevu kimegota kifuani, nahema kwa shida. Akaangusha mkoba, akanishika makwapani, akahangaika kama mtu anayebeba kabati peke yake, mpaka akanikalisha. Jasho likamtoka. Akaninywesha maji. Ndipo akakitazama kitanda, akatazama pale palipokuwa na kengele.

Halafu akavuta kiti, akatoa kalamu, akanitazama usoni mimi mwenyewe.

"Mama," akasema, "habari za huduma hapa?"

Ndugu Mkurugenzi, swali hilo nililingoja kuliko nilivyowahi kungoja mshahara. Nilikuwa na majibu sita, yamepangwa kwa namba. Lakini kijana alikuwa ameuliza kwa heshima, shati lake limelowa kwa ajili yangu, na mimi nimelelewa na mama yangu.

"Nzuri tu, mwanangu," nikajibu. "Tunashukuru."

Akaandika. Akachukua mwavuli wake, akaniaga vizuri.

Nimeifungua tena bahasha ili kuongeza haya, usije ukadhani sikuulizwa.