Dawa Inunuliwe Asubuhi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku mbaya. Baba amepiga simu kutoka kijijini Lingeka kuuliza kama bado nafanya kazi nusu siku. Nikasema ndiyo. Akasema kazi inayoisha kabla ya chakula cha mchana si kazi, ni matembezi. Nisipopewa siku nzima kufikia Jumapili, nirudi kuchuma pamba. Pamba! Mimi mwenye C ya Baiolojia!

Duka la dawa za mifugo la Dada Sia, hapa Bariadi, lina kazi moja. Ameikata vipande viwili: asubuhi mimi, mchana Joyness. Anasema mtu wa nusu siku hadai chakula. Kwenye mkutano wa mtaa alipigiwa makofi kwa kuajiri vijana wawili!

Joyness anaongea kama redio na wateja wanampenda. Mimi nikiulizwa bei naangalia viatu vyangu. Wateja wote huja mchana. Asubuhi ni mimi na nzi.

Lazima wateja waje asubuhi. Dada Sia ataona, atanipa siku nzima, Joyness ataondoka. Mungu anisamehe, Joyness ni mtu mzuri tu.

Jumanne, 10 Juni

Mpango umeanza! Baba mdogo Bundala alipita hapa kwa Shangazi Nyanjige, ninakokaa, akielekea mnadani. Nikamnong'oneza kwamba dawa ya kupe ikinunuliwa asubuhi, jua likiwa changa, huua zaidi. Akauliza nimeyatoa wapi hayo. Nikasema kwenye Baiolojia. Akavua kofia. Akasema kumbe ndiyo maana ya kwake ilikuwa inashindwa.

Ya kwake inashindwa kwa sababu anaizidishia maji. Sikumwambia.

Alhamisi, 12 Juni

Ajabu! Nilipofika kufungua, wazee walikuwa wamejipanga hadi kwa fundi cherehani. Mwangaluka, mwangaluka, mwangaluka! Nimeitikia salamu za asubuhi hadi koo limekauka. Mzee Mashimba alikataa chupa iliyopigwa na jua mlangoni, eti imeshalala. Dada Sia alinitazama kwa macho mapya.

Mchana zamu ya kuua nzi ilikuwa ya Joyness. Alimuuliza Dada Sia kama watu wamehama mkoa.

Ijumaa, 13 Juni

Dada Sia alituita wote wawili. Nilikuwa nimesukwa nywele kwa ajili ya tukio hilo.

Akasema mchana hakuna tena biashara, kwa hiyo duka litafungwa saa sita. Nikajikaza nisitabasamu. Akaendelea kwamba yeye si katili, hafukuzi mtu. Basi asubuhi ataigawa: mimi saa mbili hadi saa nne, Joyness saa nne hadi saa sita.

Robo siku!

Joyness alinikumbatia huku machozi yanamtoka. Akasema, mdogo wangu, kuna mtu katuloga. Nikaangalia viatu.

Hapo hapo akaingia kaka mmoja wa utafiti, Abdulrazak, na kishikwambi chake. Anatafuta nani ana kazi na nani hana. Akauliza kama wiki hii nimefanya kazi walau saa moja. Nikasema ndiyo. Akasema hongera, nina kazi. Akauliza kama ningependa kuongezewa saa.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini Dada Sia alikuwa amesimama pale pale! Nikasema zinatosha. Akamgeukia Joyness. Joyness, na mdomo wake wote ule, naye akasema zinatosha.

Abdulrazak akasema raha iliyoje kukuta vijana walioridhika. Dada Sia akampa soda. Sisi hatukupewa.

Jumapili, 15 Juni

Baba amepiga. Nikamwambia siku hizi duka lote linafanya kazi asubuhi tu, na mimi ndiye ninayelifungua. Si uongo. Akaguna. Halafu akasema ananiongezea wiki moja, kwa kuwa amenunua ile dawa ya asubuhi na kupe wanaanguka wenyewe. Akauliza kama nimeisikia.

Wiki moja inatosha. Nimeliona kosa langu: asubuhi ni ndefu mno! Jioni hii nimemweleza Shangazi Nyanjige, kwa siri, kwamba dawa kali kuliko zote ni ile inayonunuliwa kabla ya saa nne. Ameshatoka kwenda kwa jirani bila hata kuvaa viatu.

Maskini Joyness. Kesho nasukwa tena.