Mtukufu Yupo Woodbridge

Ilitangazwa rasmi, mwezi wa Mei mwaka 2006, kwamba Mtukufu Gavana Mkuu wa kisiwa cha Belmora, mwakilishi wa Malkia, atazuru Washington kwa ziara ya kihistoria ya kuimarisha mahusiano. Mahusiano hayo yalikuwa Woodbridge, mji ulio nje kidogo ya Washington, kwenye jumba la maduka ambako wiki hiyo viatu viliuzwa nusu bei.

Aliyeipanga ziara ni Cosmas Kuria, afisa itifaki wa ubalozi. Belmora ni kisiwa kidogo cha Karibi, hakina watu wa kutosha kujaza ubalozi, ndiyo maana itifaki yake ilishikwa na mtu wa Nyahururu. Na aliishika kwelikweli. Alijua nani atangulie mlangoni, nani apewe kiti cha mikono, nani asikohoe kabla ya nani. Ila wiki ile roho yake ilikuwa juu. Mkataba wake, ambao husainiwa na Gavana mwenyewe, ulikuwa unaisha Ijumaa, mkataba ukiisha viza nayo imekwenda, na Lorraine, binti yake, alikuwa amebakiza wiki chache tu amalize sekondari. Mkewe, Nkatha, alimwambia aache heshima nyingi: amshike huyo Gavana uwanja wa ndege kabla hajaona kiatu.

Akamshika. Mtukufu alimsikiliza kwa huruma kubwa, kisha akamfundisha katiba. Gavana Mkuu akishatoka nje ya anga ya Belmora, madaraka hubaki kisiwani kwa kaimu wake. Huku ugenini yeye ni mtalii mwenye heshima zake, hawezi kusaini chochote. Kaimu alikuwa Jaji Mkuu.

Cosmas akampigia simu Jaji Mkuu. Jaji Mkuu naye alikuwa Woodbridge, ameshuka asubuhi hiyo, anajaribu saizi kumi. Madaraka, alisema, alimwachia Spika wa Bunge, tena kwa kiapo kamili. Spika alipatikana kwa urahisi zaidi, maana alikuwa safu ya pili kutoka kwa Jaji, anasukuma matoroli mawili.

Théophile, dereva wa ubalozi, mzaliwa wa Bukavu, aliwatazama wakipita na mifuko.

"Patron," akasema, "bakubwa bote bako huku. Sasa inchi iko na nani?"

Swali halikuwa na adabu, na Cosmas alilazimika kulifungulia katiba. Baada ya Spika, madaraka humwangukia mbunge aliyekaa bungeni miaka mingi kuliko wenzake. Huyo ni Bi Eudora Pommel wa upinzani. Hakualikwa kwenye ziara, na Cosmas alilijua hilo vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeagizwa amruke. Alimpigia akiwa na aibu ya kweli.

Bi Eudora alikuwa anaanua nguo. Alimwacha amalize.

"Kwa hiyo mimi ndiye Gavana Mkuu?"

"Tangu asubuhi, Mtukufu."

"Na wenzangu wanajua?"

"Hawajauliza."

Mkataba wa Cosmas ulirudi kwa faksi umesainiwa, miaka mitatu mizima. Alikaa ndani ya gari akafuta machozi, wala hakuona haya mbele ya Théophile. Kisha simu ikalia. Bi Eudora alisema kwamba kwa vile kalamu ilikuwa bado mkononi, alikuwa amepitisha na uteuzi mwingine, naye afisa itifaki aende akaufikishe kwa taadhima zote.

Cosmas aliwakuta watatu hao nje ya jumba, wamekalia maboksi yao wakisubiri gari. Akainama kadiri inavyotakiwa. Akaarifu kwamba Belmora, kwa kutambua mapenzi ya Gavana wake kwa mji huu, imemteua kuwa balozi wake wa kwanza Woodbridge, na kwamba kituo cha kazi ni hapo alipo. Jaji na Spika watakuwa makatibu wake. Gari la ubalozi linarudi mjini na bendera yake.

Spika alianza kusema kwamba mwanamke yule hana mamlaka hayo, lakini Jaji, aliyekuwa amesoma sheria, alimshika mkono akamnyamazisha.

"Na uteuzi huu unaisha lini?" Gavana aliuliza.

"Siku Bi Eudora atakapotoka nje ya kisiwa, Mheshimiwa Balozi."

"Yeye husafiri mara ngapi?"

"Hajawahi kupanda ndege," Cosmas akasema, akawafungulia mlango wa jumba, wakaingia kwa kufuata vyeo.