Plagi ya Ndege Iliyopoteza Namba

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Duka limelala. Tangu barabara ya mpakani ya Gatuna ifungwe, vipuri vya magari vinazunguka kupitia mpaka wa Rusumo, na vikifika hapa Biryogo vinaishia kwa Évode, ng'ambo ya mtaa. Leo ametundika kibao kipya: pièces d'origine, yaani vipuri halisi. Origine gani? Taa ya Corolla aliyomuuzia imamu ilitoka kwangu!

Lakini bahati imeingia yenyewe. Athanasie, mtunza stoo wa kampuni ndogo ya ndege pale Kanombe, alikuja kuchukua gauni kwa mke wangu Swafiya, anayeshona barazani kwetu. Akalalamika kwamba ndege yao imekwama. Plagi moja ya kuunganisha nyaya imeungua, na namba yake imefutika. Bila namba hakuna wa kuwauzia nyingine. Nikamwambia aniachie mimi, nina ndugu Nairobi.

Sina ndugu Nairobi. Nina ndugu Butare, anauza mbuzi.

Jumanne, 15

Nimeliona tumbo la ndege. Ya Rabi!

Wamefungua bamba moja tu, na ndani yake ni nyaya, nyaya, nyaya. Zimefungwa mafungu mafungu kama nywele zilizosukwa na mtu asiye na haraka. Na kila waya, hata ule mwembamba kama uzi wa Swafiya, umechapwa namba yake, tena na tena, mwanzo hadi mwisho. Athanasie akanisomea mmoja: L14A20. L ni taa. 14 ni waya wenyewe. A ni kipande chake cha kwanza. 20 ni unene. Maisha yangu yote nimefunga nyaya za magari na sijawahi kuuliza waya unaitwa nani. Nilisimama kinywa wazi mpaka fundi akaniomba nisimzibie mwanga.

Plagi iliyoungua nayo nimeishika. Ya chuma, duara, ndogo kuliko kikombe cha kahawa. Athanasie anaisaka namba yake kwenye kitabu cha vipuri, mchoro baada ya mchoro, akifuata kila mshale kwa ncha ya sindano. Kazi nzuri sana. Ningekuwa na subira ningeifanya mimi.

Jumatano, 16

Évode naye amefika Kanombe! Kwa suti! Amewaahidi kupiga simu Brussels.

Sikungoja. Nilishuka Gikondo kwenye vyuma chakavu nikapekua mpaka kucha zikaumia. Nikaiona, kwenye mtambo wa redio uliokufa. Ya chuma, duara. Ile ile! Karibu ile ile. Nimeibadilisha kwa honi ya lori.

Alhamisi, 17

Athanasie ameipata namba. Kitabuni plagi zinazofanana zilikuwa kadhaa, akaitambua yetu kwa kupima gamba lake na kukagua pini zilizosalia. Ameagiza Nairobi kwa faksi, ila hajui itakuja lini. Nikainakili namba kiganjani, nikarudi nyumbani, nikaichora kwenye plagi ya Gikondo kwa msumari, herufi moja moja, ulimi nje. Imependeza!

Alasiri nikaipeleka. Athanasie hakuwepo, nikampa patroni wake, Niyonzima, mwenye kampuni. Akanikumbatia! Akasema ndege ikipona, Swafiya atapanda bure Jumapili hadi Kamembe akamwone mama yake. Nikacheka naye.

Kicheko kilikatika kwenye taksi ya kurudi.

Ijumaa, 18

Swafiya anapiga pasi kitenge. Mtaa mzima unajua. Nilijaribu kumwambia kwamba ndege ni hatari. Akaniuliza, si wewe mwenyewe ndiye uliyeitengeneza?

Msikitini sikusikia hotuba. Niliiona plagi ya Gikondo tu, iko juu ya msitu wa Nyungwe, njiani kwenda Kamembe, inatoa moshi, na Swafiya anaita jina langu. Nilitoka mbio nimevaa viatu vya mtu mwingine.

Athanasie nilimkuta Kanombe, mezani pake.

"Usiifunge!" nikasema. "Nilidanganya. Ni ya redio. Ya Gikondo."

Alicheka mpaka akaishika meza. "Ilyasi we! Nani angeifunga? Soma namba yako. Herufi ya mwisho ni P. P ni pini. Plagi yako iko na matundu!"

Kumbe namba si jina tu! Namba inasema! Akaweka kidole: hapa ni aina, hapa ukubwa wa gamba, hapa mpangilio, hapa P au S, pini au soketi. Maelezo yote yamekaa kwenye mstari mfupi kuliko kidole gumba. Nywele zilinisimama.

Halafu akaacha kucheka.

"Kama Swafiya hangepanda, ungekuja?"

Nilivitazama viatu vya yule mtu.

Jumamosi, 19

Plagi ya kweli imefika na ndege ya Nairobi. Athanasie alikubali nitazame, mikono nyuma. Fundi aliisukuma, akaizungusha. Tak. Taa zikawaka hadi kwenye ncha za mabawa. Nilifuta macho. Évode pia alikuwepo, naye alifuta.

Niyonzima amenifukuza stoo milele. Lakini amesema neno alilotoa kwa ajili ya Swafiya halirudi nyuma.

Jumapili, 20

Ameruka! Ndege ilikimbia, ikasita, ikaiacha ardhi ya Kanombe kama haijawahi kuijua. Nilifikiria zile nyaya zote mle ndani, kila mmoja anajua jina lake na mahali pake, na mke wangu ameketi juu yao na kitenge chake. Nilisimama hapo mpaka anga ikawa tupu.

Nimeapa. Udanganyifu basi.

Jumatatu, 21

Leo ameingia mtawa wa zahanati moja. Mashine yao ya kupiga picha za mifupa imekufa. Kebo imeliwa na panya, namba haisomeki. Nimemwambia aniachie mimi, nina ndugu Brussels.

Kebo ninayo, ya friji. Msumari upo. Na safari hii hawanipati: mwishoni nitaandika P na S, zote mbili.