Timu Yako ya Mauzo Isibishe Tena Hodi Kwangu

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Milango ya Chuma.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUONDOLEWA KWA TIMU YA MAUZO NYUMBANI KWANGU

Nakuandikia nikiwa mzima, na natumaini nawe na wote wa nyumbani kwako hamjambo. Mimi ni mjane wa yule kiongozi wa timu yako ya mauzo aliyefariki miezi mitano iliyopita. Huenda unanikumbuka pale msibani: ni yule uliyempa pole wa pili, baada ya kumpa pole dada yangu ukidhani ndiye mimi. Pole zote mbili zilifika, na tulishukuru.

Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nitaeleza taratibu, na malalamiko nimeyapa namba ili tusipotezane.

Marehemu alikuwa na mtindo wake wa kufundisha wauzaji, na sidhani kama ofisini mliujua. Kila asubuhi kabla hawajaingia mitaani walipitia nyumbani kwetu. Mmoja mmoja alibisha hodi, mimi nafungua, naye alitakiwa aniuzie mlango. Ni mlango ule ule niliokuwa nimeushika. Marehemu alisema ndio ugumu wa kazi yenu: kila mtu anayekufungulia mlango tayari anao. Yeye alikaa kwenye kiti chake sebuleni na peremende mdomoni, na hakutamka neno mpaka iyeyuke. Alisema kiongozi asiyeweza kunyamaza kwa muda wa peremende moja ataishia kuuza yeye, na wauzaji wake watabaki watazamaji. Peremende ikiisha, aliuliza maswali mawili tu: Umemsikia anasema nini? Kesho utajaribu nini? Basi, wanakunywa chai wanaondoka. Mpaka leo nakuta karatasi za peremende mifukoni mwa makoti yake. Sizitupi, ingawa hilo si miongoni mwa malalamiko.

Kazi yangu ilikuwa kukataa. Kwa tabia mimi si mtu wa kukataa. Hata marehemu alinichumbia mara moja tu. Kwa hiyo ilibidi anifunze, na nikafuzu kwa jibu moja: "Ngoja kwanza nimuulize mume wangu." Nikishasema hivyo namtazama pale kitini, naye anatikisa kichwa. Kwa miaka tisa hakuna muuzaji aliyeuvuka ukuta huo. Waliponitoka mimi, wateja wengine wote waliwaona laini kama maandazi.

Sasa malalamiko.

1. Hawajaacha kuja. Siku ya pili baada ya mazishi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikasikia hodi. Nilidhani wamekuja kunifariji. Wa kwanza alikuwa yule tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Akasema, "Pole sana shemeji, Mungu akutie nguvu," na kabla sijaitikia akaunganisha, "Sasa shemeji, hebu zitazame bawaba za mlango wako huu. Zinakwambia nini?" Nyuma yake alikuwepo Mama Pacha, mkate mkononi. Nyuma kabisa alikuwepo Mzee Kimya, ambaye huwa hasemi, na kwa muuzaji huo ni ugonjwa.

2. Jibu langu limeondoka na mwenyewe. Redio aliponibana asubuhi hiyo nikasema kama nilivyozoea: ngoja kwanza nimuulize mume wangu. Nikageuka kutazama kiti. Mama Pacha akatazama kiti. Mzee Kimya akatazama kiti. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakosa la kusema, na nikamwona namna aibu inavyompanda mpaka masikioni. Nikamhurumia. Nikamwambia haya, nauchukua huo mlango. Tangu hapo sina cha kukatalia. Mama Pacha, ambaye ni mwanamke mwema, aliniweka pembeni akanifundisha: "Dada, sema huna pa kuuweka." Kesho yake nikasema sina pa kuuweka. Akasahau kwamba maneno ni yake, akanizungusha nyumba nzima na futi ya kupimia mpaka pa kuuweka pakapatikana.

3. Meneja mpya. Uliyemleta badala ya marehemu amesomea semina ya siku tatu, na cheti chake kimetundikwa juu kuliko saa. Timu inamwita Bwana Chati. Ameweka chati ukutani: kila muuzaji alete "ndiyo" moja kila wiki, na wa mwisho mwezi ukiisha atafutiwe, nanukuu, fursa nje ya kampuni. Ili ndiyo zipatikane haraka ameanzisha mlango wa majaribio, ambao mteja anapelekewa akae nao kwanza bila kulipa, na jina linaandikwa siku hiyo hiyo. Sasa, Ndugu Mkurugenzi, ndiyo iliyo karibu kuliko zote mjini ni mimi. Napatikana mapema, nina chai, na sina mtu wa kumuuliza. Timu inamaliza lengo lake kabla vikombe havijaoshwa. Wiki iliyopita uliwaandikia barua ya pongezi kwa kuongoza matawi yote. Redio aliisoma hapa kwa sauti, nami nikapiga makofi. Nilikuwa nimeshapiga makofi mengi ndipo nikatambua kwamba wateja wote waliotajwa kwenye barua ni mimi.

4. Milango yenyewe. Lori linakuja kila Ijumaa. Tulianza na jikoni, bafuni na stoo, mahali ambapo mtu mwenye akili anaweza kutetea. Halafu banda la kuku likapata mlango wenye makomeo matatu, na kuku sasa wanachelewa kutoka. Halafu ukawekwa mmoja kati ya sebule na sebule. Uliofuata ulikosa ukuta kabisa, ukasimamishwa uani na fremu yake. Dada yangu alikuja Jumamosi akasimama mbele yake kwa robo saa akisubiri nimfungulie, huku tunatazamana. Nilipomwuliza kwa nini hakuzunguka, alisema alilelewa vizuri. Fundi anayekuja kufunga ameniambia nyumba hii ina milango mingi kuliko kuta, na akifunga mmoja zaidi paa litakosa pa kujishikiza. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi sijapona, nimezidi kupata milango.

5. Bwana Chati ananifundisha na mimi. Alipokuja kunijulia hali alifungua daftari, akauliza, kwa kipimo cha moja mpaka kumi, majonzi yangu nayamudu kwa kiasi gani. Kwa adabu nikasema tatu. Akaandika. Akasema tuweke lengo la sita ifikapo mwisho wa robo mwaka, na akaniuliza kitu gani kinanizuia kufika. Nikamwonyesha kiti. Akaandika "samani". Robo mwaka imeisha, mimi niko nne na nusu, na sijui adhabu yake ni ipi.

Siku hiyo hiyo alisema atamfundisha Mzee Kimya kwa vitendo, mbele yangu. Mzee Kimya akabisha hodi, nikafungua, na Bwana Chati akaanza kuuza yeye. Aliuza kwa dakika arobaini. Aliuza mpaka mimi nilikubali mara tatu na hakunisikia. Mzee Kimya alisimama kando amebeba mkoba wa sampuli za vitasa. Mwishoni Bwana Chati akamgeukia, "Haya mzee wangu, umejifunza nini?" Mzee Kimya akawaza, akajibu, "Mkoba ni mzito." Hilo nalo liliandikwa, na jina lake likashushwa mpaka chini kabisa ya chati.

6. Hapa nalalamika juu yangu mwenyewe. Bwana Chati alipoondoka nilimkalisha Mzee Kimya jikoni, nikamwuliza bila idhini ya kampuni: Umenisikia nasema nini? Akanyamaza. Mimi nami nikanyamaza, jambo ambalo bila peremende si rahisi. Mwishowe akasema, "Mama, ulisema ndiyo, lakini mkono ulikuwa umeukaza kwenye kitasa. Wewe huhitaji mlango. Unahitaji tusiondoke haraka." Nikamwambia hayo hayamhusu. Nikamwuliza, kesho utajaribu nini? Akasema hatachukua ndiyo yangu. Ataenda mitaa ya nyuma ya soko, atabisha, kisha atasikiliza. Akaenda. Akakuta mama mmoja ambaye mlango wake unashikiliwa na jiwe, na kila akitoka kwenda kazini anamwacha mamake mgonjwa nyuma ya jiwe hilo. Mzee Kimya alimsikiliza saa nzima, akamuuzia mlango mmoja, na hakuongeza wa pili. Asubuhi iliyofuata alirudi hapa kunisimulia. Alisimulia mwanzo mpaka mwisho, akarudia katikati, mpaka Redio akamwambia, "Mzee, na wengine tupumue." Chai yangu ikapoa. Sasa na wale wawili wanataka waulizwe maswali kama yeye, na wanakaa mpaka saa mbili. Jana walibishana vikali, kila mmoja akidai asikilizwe wa kwanza. Maji yamenifika shingoni.

Kutokana na hayo naomba mambo matatu, na lolote kati yake litaniridhisha.

La kwanza, utoe amri ya maandishi, yenye mhuri, kwamba mtu yeyote wa timu ya mauzo asionekane mlangoni pangu kuanzia tarehe mosi. Nyumba iwe kimya kama nyumba za watu.

La pili, kama hilo haliwezekani, kampuni iajiri Afisa Mkataaji. Awe mtu mzima mwenye moyo mgumu, ikiwezekana aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya kutoa vibali. Atakuja kila asubuhi, mimi nitafungua, yeye atakataa. Kile kiti asikikalie. Ataletewa kingine.

La tatu, kama na hilo limeshindikana, basi utume mafundi waizungushie kuta milango iliyobaki uani. Fundi wangu anakadiria itatoka nyumba ya vyumba sita. Timu iihamie iwe ofisi yao ya mafunzo, wafungue na kufunga wanavyotaka, waniache nipumzike. Ila isijengwe mbali sana, maana sitaki kutembea na birika la moto.

Unisalimie mkeo na watoto, katibu muhtasi wako aliyeniandikia kadi kwa mkono wake, mlinzi wa getini, dereva wa lori la Ijumaa, na mafundi wote wa karakana waliotengeneza jeneza zuri ingawa si kazi yao. Bwana Chati naye asalimiwe. Aambiwe nne na nusu.

Ni mimi niliyechoka kufungua,

Mjane wa Kiongozi wa Timu,
Mteja Mgumu (Mstaafu).

Tanbihi: Barua hii niliiandika jana. Leo ni siku ya mapumziko kiwandani, na nilikuwa nimesahau. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimeshavaa. Nimechemsha chai ya watu wanne. Saa moja nilitoka kutazama kama nililifunga geti usiku, lilikuwa wazi. Saa mbili nikaona huenda hodi hazisikiki tena kwa sababu ya wingi wa chuma, nikatoka nje nikabisha mwenyewe, mara tatu, kwa nguvu. Sikuweza kujua kama zinasikika, maana ndani hakukuwa na mtu.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba uifute barua hii kuanzia namba moja mpaka sita pamoja na maombi yote. Kama amri umeshaigonga mhuri, ibadilishe iseme waje siku saba kwa wiki. Nasikia pia mnaajiri wauzaji wapya wanane. Wapitie kwangu kwanza. Nitajitahidi kuwa mgumu.