Kona Yangu na Toroli la Kufyonza Nywele

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu amenitolea uvivu. Mbele ya wateja wawili na Mama Kucha, amesema kona yangu ya nyuma ya saluni inachukuliwa Jumamosi. Anapewa Mama Kucha! Eti pale mlangoni anapotengenezea watu kucha upepo unaingiza vumbi, na vumbi linanasa kwenye rangi kabla haijakauka. Sasa upepo nao ni kosa langu?

Niandike mambo yalivyo, wajukuu wasije wakadanganywa. Saluni ni ya mke wangu. Viti viwili, karo moja la kuoshea vichwa, pazia moja, msusi mmoja wa kumsaidia. Kona ni yangu: meza, kiti, sanduku la skrubu. Tangu nistaafu ukarani wa stoo, mwaka wa tatu sasa, nafika pale kila siku saa mbili asubuhi na kubuni. Nilibuni kikaushio cha vichwa vinne kwa pamoja. (Viwili vilikauka kupita kiasi.) Nilibuni kiti cha kujizungusha chenyewe. (Yule mama alishuka salama. Watu wanatia chumvi tu.)

Mabinti zetu mapacha wameolewa, wako mbali. Nyumba mchana iko kimya hadi nasikia jokofu likihema. Kona ile ikienda, asubuhi sina pa kuelekea. Hilo sikumwambia mke wangu. Nilimwambia anaua ubunifu.

Akasema haya basi, nimwonyeshe kitu kimoja tu chenye faida kwa saluni kabla ya Jumamosi, kona ibaki yangu. Kitu kimoja, Baba Mapacha! Mama Kucha akachekea puani huku akifagia.

Akifagia! Hapo ndipo akili iliponiwaka.

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda kwenye kona na saa mkononi. Nimegundua mambo ya kusikitisha.

Kwanza, msusi ameacha kichwa kimoja mara kumi na moja. Kafuata kitana, karudi. Kafuata taulo, karudi. Kafuata chupa, kakuta siyo. Mteja anabaki na nusu ya kichwa, anajitazama kwenye kioo kwa wasiwasi.

Pili, fagio. Hapa nywele hazitupwi. Za kila mteja zinafagiwa peke yake, zinatiwa kwenye mfuko wa kaki, anakabidhiwa mwenyewe mlangoni. Ni kanuni ya mke wangu, ameiandika ukutani kwa herufi kubwa: KILA MTEJA NA NYWELE ZAKE. Wanawake hawapendi kuacha nywele zao mikononi mwa watu. Mke wangu anasema ndiyo maana wanazipita saluni tatu njiani, wanakuja kwake. Mimi nimepima. Dakika nne kila kichwa! Upuuzi mtupu.

Dawa ni moja: toroli. Trei tatu za vitana na chupa, kioo juu, kulabu za kuning'inizia vikaushio, magurudumu manne. Na tumboni mwake, mota ya kufyonza nywele, mdomo ukiwa chini. Linamfuata msusi, linafyonza, tumemaliza. Fagio liende kuondoa utando wa buibui.

Toroli nimeshapata. Ni lile la chai, lililokuwa sebuleni limebeba maua ya mke wangu. Maua sasa yako sakafuni na hayajalalamika. Mota nimeitoa kwenye mashine ya kufyonzea vumbi la zulia, zawadi ya mapacha. Nimeifungua yote. Haitafungika tena, lakini kwani aliyekuwa akiitumia ni nani?

(Mke wangu. Kila Jumapili. Nimekumbuka nikiwa nimeshakata waya.)

Jumatano, 5 Juni

Jaribio la kwanza. Limefaulu sana kwa upande wa nguvu.

Limefyonza taulo. Limefyonza vitana viwili. Limefyonza upindo wa pazia na kulivuta hadi vyuma vikalia. Halafu likaelekea mlangoni, na kabla sijalishika likameza kisanduku kizima cha kucha za bandia za Mama Kucha. Alipiga ukelele hadi fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza nani kafariki.

Kisha nikachomeka kwenye soketi moja na kikaushio. Umeme wote ukakatika. Kwenye karo kulikuwa na mteja mwenye dawa kichwani, na maji ya moto hakuna. Aliita majina ya ndugu zake wote. Mke wangu alimmwagia maji ya baridi ya ndoo, akanitazama. Nikamweleza kwamba hii ndiyo maana ya neno jaribio.

Mama Kucha akadai kucha zake. Nikafungua mfuko mbele ya watu wote, sina cha kuficha. Zikatoka kucha, kikatoka na kifungo cha shati langu nilichokitafuta tangu Pasaka. Faida hiyo tayari! Mama Kucha akahesabu, akasema zilikuwa ishirini na nne, ziko ishirini na tatu. Hila hizo. Mwanamke yule anaitaka kona yangu kufa na kupona.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya marekebisho. Sikati tamaa mimi.

Nimeweka wavu kuzunguka trei, hakuna kitakachomezwa tena ila cha sakafuni. Nimevuta waya mrefu hadi soketi ya nyuma, yenye njia yake ya umeme. Na sasa sikiliza hili: nimetoa kile kifuko kidogo cha mashine, nimefunga foronya! Foronya nzima ya mto. Nywele za kutwa nzima zinaingia bila kumwagwa hata mara moja. Nilipomaliza kushona nilijisikia mtu.

Mke wangu alikuja kuona. Akazungusha magurudumu, akagusa trei, akafungua kulabu na kuzifunga. Akauliza swali moja tu: nywele za kila mtu zitatengwa vipi? Nikamwambia hayo ni ya kitaalamu, niachie mimi. Akasema sawa, nakuachia.

Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na bado napenda anavyosema nakuachia.

Mama Kucha naye akauliza lile lile swali. Yeye sikumjibu.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika yote yalivyotokea. Historia itanitetea.

Nilifika mapema, saa moja na nusu, kabla ya kufungua. Mama mkwe alikuwa ndani ya pazia na mke wangu, kama kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Sijawahi kuuliza wanafanya nini humo. Mama mkwe ana miaka sabini na miwili na nywele nyeusi tii. Kila harusi na kila msiba anazitaja: ni damu ya ukoo wao, kwao watu hawaoti mvi. Wanawake wa mtaa mzima wanamwonea gere. Mwisho wa mwezi tu ndipo hujifunika mtandio, eti baridi.

Nikasikia mashine ya kunyolea, kisha nikaona mkono wa mke wangu ukitoka kutafuta fagio. Nikamwambia usijisumbue! Nikageuza uso kwa heshima ya mkwe, nikausukuma mdomo wa toroli chini ya pazia. Likavuta. Sakafu ikabaki safi. Mke wangu alisema ngoja, lakini mota ilikuwa ikinguruma, na mtu akisema ngoja wakati mota inanguruma si kosa la mwenye mota.

Mama mkwe akatoka na weusi wake unang'aa, akakaa mbele na kikombe cha chai ili asifiwe. Wakaingia nesi, muuza mboga, mshonaji, na bibi harusi mtarajiwa. Na toroli lilifanya kazi! Msusi hakuacha kichwa hata mara moja. Fagio lilisimama ukutani bila kazi, Mama Kucha kando yake vile vile. Hadi saa tano nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Saa tano nesi akainuka, akajitazama, akanyoosha mkono. Mfuko wangu?

Nikamwonyesha foronya.

Akauliza, zangu ziko humo? Nikasema zako na za wenzako. Mshonaji akasimama na dawa kichwani. Muuza mboga akasema hatoki hapa bila nywele zake, hata kama ni kulala atalala. Bibi harusi mtarajiwa akaanza kulia kwamba wiki moja kabla ya harusi nywele zake zimelala na za watu asiowajua. Mke wangu alikuwa ameushika ukingo wa karo. Alikuwa ameniachia.

Sikubabaika. Nikamwaga foronya juu ya meza yangu, nikatenga. Nywele nyekundu, za nesi. Ndefu, za bibi harusi mtarajiwa. Zenye nyuzi, za mshonaji. Fupi kavu, za muuza mboga, akanuna lakini akazichukua. Vicheko vikaanza kurudi. Nilikuwa naiokoa siku!

Likabaki fungu moja. Jeupe pee.

Nesi akauliza hizi za nani, mbona humu hakuna mwenye mvi? Watu wakatazamana. Mama mkwe alikuwa akitazama chai yake. Mke wangu akakohoa. Akakohoa tena. Ndipo Mama Kucha akasema haraka kwamba hiyo ni pamba yake ya kufutia rangi ya kucha, imefyonzwa kwa bahati mbaya, nimpe aitupe. Akanyoosha mkono kabisa.

Lakini mimi ni karani wa stoo! Miaka ishirini na sita sijawahi kuandika kitu kwa jina lisilo lake. Nikaliinua fungu dirishani, nikalikagua. Nikasema hapana, hizi ni nywele. Vichwa vitano, mafungu matano. Nikageuka na kulikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote: Mama, hizi ni zako.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Akajitanda mtandio taratibu, akapokea fungu lake. Akasema ahsante mwanangu. Akatoka.

Usiku mke wangu chakula ameniwekea, akakifunika, akaenda zake chumbani.

Bado nasema kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda kufungasha sanduku la skrubu. Nilikuta toroli limepasuliwa tumbo! Mota nje, wavu nje, foronya imefuliwa na kuanikwa. Mke wangu na Mama Kucha walikuwa wamefika kabla yangu na bisibisi yangu mwenyewe. Kwenye kulabu wamening'iniza mifuko ya kaki, kila mmoja na jina la mteja. Chini ilipokuwa mota, wamesimamisha fagio dogo na kizoleo.

Nilikaa kwenye kiti changu kwa mara ya mwisho, nikisubiri waone kosa lao.

Wateja wakaja wote. Hata nesi, hata muuza mboga. Nadhani walifuata habari. Toroli likaenda kutoka kiti hiki hadi kile. Msusi akinyoosha mkono tu, kitana kipo. Taulo lipo. Mfuko upo na jina. Vichwa vinane kufikia adhuhuri, na hakuna aliyeachwa na nusu. Mama Kucha aliliita toroli letu.

Halafu mke wangu akaja kwenye kona, akaegemea meza. Akasema, Baba Mapacha, umetengeneza kitu. Miaka mitatu nimeyasubiri maneno hayo. Nilitazama nje ya dirisha hadi macho yakatulia.

Akasema kona ibaki yangu. Mama Kucha amekubali, mradi nimpigie ubao wa kukinga upepo pale mlangoni. Masharti mawili. Kesho niende kwa mama yake nikaombe radhi. Na nisichomeke tena kitu chochote kwenye umeme wa saluni hii maisha yangu yote. Nikaapa, mkono juu ya sanduku la skrubu.

Ni furaha. Lakini toroli lisilofyonza? Hilo ni kabati lenye magurudumu.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda. Nilisimama ukumbini kwa mama mkwe mikono nyuma, nikaomba radhi kwa dhati. Alinisikiliza, mtandio wake umefungwa sawasawa. Akasema nywele ni zake, umri ni wake, mdomo ni wangu, niufunge. Kisha akanipa chai. Nimesamehewa! Kwa kweli yule mama nampenda.

Nilipokuwa natoka nikalikuta gari la shemeji, mdogo wa mke wangu, chini ya kibanda. Yeye alikuwa amelala. Na njiani nimefikiri sana kuhusu somo la wiki hii. Kosa halikuwa mota. Kosa lilikuwa foronya moja! Nikiweka foronya tano na midomo mitano, nywele za mtu na mtu hazitakutana kamwe, na mvi haitamwaibisha tena mzazi wa mtu.

Niliapa kutochomeka kwenye umeme wa saluni, na kiapo changu ni kiapo. Betri haichomekwi ukutani. Mota imezoea umeme wa nyumba na betri imezoea gari, lakini watazoeana.

Shemeji amepiga simu sasa hivi. Mke wangu anauliza kutoka jikoni kama nilimwona mtu karibu na gari, halina betri. Nimesema wezi wamezidi siku hizi. Anauliza pia zile foronya nyingine nne ziko wapi.

Kesho saa mbili nipo kwenye kona yangu. Mama Kucha aandae pamba.