Hotuba ya Kuzindua Jumba la Kutafakari kwa Vinyago

(Ilisomwa na Kaimu Afisa Utamaduni Msaidizi, Ndugu Anania Kasian, uwanjani Kihesa, Iringa, mwezi Juni 1976.)

Ndugu Mgeni Rasmi ambaye amepata udhuru, Ndugu Mwakilishi wa Mgeni Rasmi ambaye yuko njiani, Ndugu Wajumbe wa Komiti, Ndugu Wajumbe wa Komiti Ndogo inayoichunguza Komiti, Ndugu Mabalozi wa Nyumba Kumi, Wachungaji, Mapadri, akina mama mliobeba watoto na akina baba mliobeba vigoda vyenu wenyewe, kamwene!

(Wananchi: "Kamwene!")

Ndugu wananchi, leo ni siku kubwa sana, na ukubwa wake nimeupima mimi mwenyewe kitaalamu. Mwaka jana nilipita nyumba kwa nyumba, hapa Iringa na kule Mbeya, nikikusanya vinyago, vyungu, ngoma na vigoda vya mababu zenu kwa ajili ya Jumba la Makumbusho, ambalo halitakuwa jumba la kuzurura na kushangaa, bali ni Programu ya Tafakari Elekezi, ambapo mkulima aliyechoka atakaa mbele ya kazi moja ya sanaa, ataikodolea macho, ataelekezwa na mtaalamu, ambaye ni mimi, na atatoka hapo akiwa na fikra zilizonyooka kama matuta ya mahindi! (Makofi.) Fizibiliti stadi ilishafanyika: tuliwahoji wananchi tisa, na kumi na mmoja kati yao waliunga mkono. (Makofi marefu.)

Najua mtauliza jumba lenyewe liko wapi. Jumba liko Mbeya. Lakini umbali si kitu kwa mtu mwenye fikra, kwa hiyo tutalizindua kutokea hapahapa. Kaeni sawasawa. Mikono magotini. Vuteni pumzi kwa utaratibu, safu ya mbele kwanza, msigombanie. Sasa fumbeni macho.

(Wananchi wanafumba macho. Walutheri wanainamisha vichwa, Wakatoliki wanapiga magoti. Mzee mmoja anasema, "Amina.")

Bado, mzee, Amina bado! Hii si sala, ni programu. Mbele yenu kuna kinyago cha mpingo. Kitazameni. Kina pua. Ingieni kwa utulivu katika ile pua...

(Mama Paskalina, mfinyanzi wa hapo Kihesa, anasimama: "Afisa, mimi pua siitaki. Nataka chungu changu. Jumamosi tunamaliza msiba wa baba, na kwetu ile pombe haipikwi kwenye debe. Ndicho chungu alichofinyanga bibi yangu. Nilikuazima, sikukupa!")

Mama yangu mpendwa, uchungu wako naufahamu na umeingia kwenye ripoti. Chungu chako sasa ni lulu ya mkusanyiko wetu, kimewekwa juu ya meza, kimepigwa mwanga. Fumba macho, mama. Unakiona? Basi pika hukohuko kwa fikra, na wafiwa watakunywa kwa fikra, na hakuna atakayelewa. (Vicheko. Mama Paskalina hacheki.)

(Mwanamume mwenye fimbo ya kuchungia anasimama nyuma: "Naitwa Nkuba, natoka Usangu. Nilikupa ngoma ya babu. Kule kwetu Mbeya, pale Mbalizi, ulituambia jumba liko huku Iringa. Siku tano nimetembea kuja kuitazama.")

Ahsante, Ndugu Nkuba, kwa swali linaloonyesha upeo. Huo ndio uzuri wa jumba la kuhudumia mikoa miwili kwa usawa: daima liko katika mkoa mwingine. (Miguno.) Fumbeni macho, ndugu zangu! Mimi mwenyewe nafumba, ili kuonyesha mfano. Tafakari, oyee! (Sauti moja: "Oyee.") Vinyago, oyee! (Kimya.) Siasa ni kilimo, na kutafakari ni palizi!

Nikiwa bado nimefumba macho, sitakuwa na shukrani kama sitawatambua waliolifikisha jumba hili hapa lilipo. Naishukuru Komiti ya Ujenzi, ambayo ingekutana ingekuwa imefanya kazi nzuri. Naishukuru Komiti ya Kiwanja, ambayo imeniahidi kwamba siku barua ya kuomba kiwanja ikiandikwa, wataisoma. Lakini zaidi ya wote namshukuru mke wangu, Matilda, ambaye kwa mwaka mzima ameyahifadhi makumbusho yote ya kanda sebuleni kwetu hapa Kihesa, nyumba ya tatu kutoka kisimani, akaning'iniza nguo kwenye vinyago bila kunung'unika, na ngoma ya Usangu akaifanya kiota cha kuku, nao wanataga vizuri.

(Wananchi wanafumbua macho. Mama Paskalina ameshatoka uwanjani, Nkuba nyuma yake, kisha safu nzima ya mbele.)

Ndugu wananchi, nasikia miguu! Zimebaki kurasa tisa! Rudini, nyumba ile haina ratiba ya kupokea wageni! Mama Paskalina, nakusihi, mama yangu, taratibu ukifika pale dirishani. Chungu kizima kabisa, ubavu hauna hata ufa. Ni kitako tu, Matilda alikitoboa kidogo, maua aliyopanda humo yalikuwa yanaoza.