Ruta Yetu Sasa Iko Salama

Napenda kuutaarifu umma, kuanzia sebuleni kwangu hadi jikoni, kwamba ruta ya nyumba hii sasa iko salama kabisa dhidi ya wezi wa mtandaoni.

Tamko hilo nililitoa Jumamosi asubuhi, nimevaa tai. Umma uliohudhuria ni mke wangu, mwalimu wa hesabu, na mama mkwe, aliyekuwa akimenya viazi na hakuona sababu ya kuacha.

Mimi ni Mkurugenzi Msaidizi wa Usalama wa Mitandao wizarani. Cheo hicho nilikipata nikitokea Idara ya Samani, ambako uzoefu wangu wa makufuli uliwavutia wakubwa.

Basi nikachukua hatua madhubuti. Nenosiri la wai-fai nililirefusha hadi simu ya mama mkwe ikawa inajizima kabla hajamaliza kuliandika. Jina la mtandao nikaliita MKURUGENZI MSAIDIZI YUPO HAPA, ili mwizi akilisoma avunjike moyo na kurudi kwao. Kisha ruta yenyewe nikaifungia ndani ya kabati la vyombo. Intaneti ikawa haivuki mlango wa kabati. Mafanikio makubwa: kama wenye nyumba haitufikii, mwizi ataipatia wapi?

Mke wangu akauliza, "Na lile nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, lile lililotoka nalo kiwandani, umelibadilisha? Hilo kila mtu analijua."

"Hilo ni la kiwanda," nikamjibu. "Serikali haiingilii viwanda."

"Na hii taa nyekundu? Ruta inaomba kusasishwa."

"Imeandika barua?"

Mama mkwe akatazama viazi vyake. "Mwanangu," akamwambia binti yake, "ulisema huyu anafanya kazi gani?"

Jumapili jioni nilivuta kiti hadi kabatini, nikafungua mlango kwa dharura ya kitaifa na kuingia kwenye barua pepe ya ofisi. Ukurasa uliofunguka ulikuwa mpya, wenye rangi za kupendeza. Uliniomba nenosiri la kazini. Mke wangu akachungulia.

"Mume wangu, hapo juu wameandika 'Wizra'. Kuna herufi imepungua."

"Kubana matumizi," nikasema, nikaandika nenosiri langu. Ukurasa ukaniomba nilirudie. Nikalirudia kwa fahari, maana kwa kawaida mifumo ya ofisi hainiulizi chochote.

Ukweli ni kwamba wezi walikuwa wameshaingia kwenye ruta kwa lile nenosiri la kiwandani. Wakaipotosha, nami nilipouliza njia ya kwenda ofisini, ikanipeleka kwao.

Jumatatu asubuhi, waraka ukasambaa wizara nzima kutoka kwenye anwani yangu. Ulikuwa wa mistari miwili: "Ndugu wafanyakazi, tafadhali bonyezeni hapa mthibitishe nywila zenu. Asanteni kwa ushirikiano." Nyaraka zangu mwenyewe huwa za kurasa tisa na hajawahi kujibu mtu hata mmoja. Huu walijibu wote kabla ya chai. Katibu Mkuu akanipigia simu yeye mwenyewe.

"Leo umeandika kama binadamu," akasema. "Hongera sana."

Nilijua fika kwamba sikuandika. Lakini sifa ikishakuja mlangoni, utaifukuzaje?

"Nashukuru, Mheshimiwa. Tumejipanga."

Saa sita mchana hakuna aliyeweza kufungua chochote, kuanzia wapokea wageni hadi Waziri. Tukaitwa ukumbini. Katibu Mkuu alikuwa amekunja uso, na mimi jasho lilikuwa limelowanisha tai.

"Mkurugenzi Msaidizi amefanywa bwege nyumbani kwake," akanguruma. "Sawa. Lakini ninyi, watu wazima na akili zenu, nani aliwaambia mtii upuuzi ule?"

Mhazili wake, mama mmoja mpole, akakohoa.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Uliusambaza tena ukaongeza: 'Utekelezaji wa haraka. Atakayechelewa atajieleza.' Na wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kujibu."

Watu wakatazama viatu vyao. Huko nyuma mtu alijaribu kupiga chafya ili asicheke. Katibu Mkuu akakusanya miwani yake, akatangaza kwamba kikao kimeahirishwa hadi itakapopatikana njia ya kuwatumia watu mwaliko.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Nilikuta ruta juu ya rafu sebuleni, haina taa nyekundu. Mke wangu alikuwa ameifuta mipangilio yote na kuisasisha, akalibadilisha pia lile nenosiri la kiwandani. Mama mkwe alikuwa anatazama video kwenye simu, anacheka peke yake.

"Umefanya vizuri," nikasema, nikakohoa kidogo. "Sasa naomba nenosiri."

Mke wangu akanitazama kwa huruma ya kweli, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyepata sifuri ilhali alijitahidi.

"Usijali, mume wangu," akasema. "Wewe nimekufungulia mtandao wa wageni."